Mbuzi wa Miguu Mitano

Kilichonishtua kwanza ni yai.

Ilikuwa Jumatatu, wiki ya mwisho kabla ya mvua ndefu, na nilikuwa nimetoka shambani na vumbi hadi kwenye nyusi. Mama akaniwekea sahani ya githeri, mahindi na maharagwe yetu ya kila siku, na juu ya githeri yai la kuchemsha. Zima. Nikalitazama, nalo likanitazama. Kwetu kulikuwa na kuku saba, na mayai yao yote yalikuwa na safari zake: mengine ya sokoni, mengine ya kungoja wageni, mengine ya kulaliwa. Sikumbuki hata moja lililowahi kupotea njia likaingia kwenye sahani yangu.

"Mama, nani anaumwa?"

"Hakuna. Kula."

"Nimefanya nini?"

"Kwani lazima ufanye kitu ndio upewe yai? Kula, wewe, githeri inapoa."

Nikala. Mimi sikatai chakula kwa sababu ya kushuku. Lakini nilitafuna polepole huku nikipiga hesabu. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na kwa miaka miwili nilikuwa nikibeba ndizi mgongoni kwenda kuziuza mjini Meru, saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Huko sokoni nilishajua kwamba mtu akikuongezea ndizi moja bila kuombwa, kuna iliyooza katikati ya mkungu.

Jumanne likaja yai la pili. Nikajua hatari iko karibu, ila sikujua imekaa upande gani.

Mali niliyokuwa nayo duniani ilikuwa moja, nayo ilikuwa na pembe. Ni mbuzi. Mama yake alikufa siku ya kuzaa, na Baba akaniambia, "Huyu akiishi ni wako." Alisema hivyo kwa sababu alikuwa na hakika hataishi. Nikamnyonyesha maziwa kwa chupa ya soda, nikalala naye jikoni wiki tatu, akaishi. Alipokomaa akahasiwa, akanenepa, mgongo wake ukawa bapa kama benchi. Jina sikumpa. Kitu unachotaka kukibadilisha na kingine hukipi jina, kitakusumbua wakati wa kupatana bei.

Na mabadilishano yalikuwa tayari. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa miraa kutoka Maua ambaye alikuwa amenunua pikapu, na baiskeli yake nyeusi ikabaki inaegemea ukuta. Tulibishana Jumamosi tatu. Ya kwanza alitaka mbuzi wangu na jogoo wawili. Ya pili nikamwondoa jogoo mmoja. Ya tatu nikamwondoa wa pili, na nilipoona amechoka nikadai na pampu iongezwe upande wangu. Mbuzi mmoja kwa baiskeli moja na pampu yake. Angekuja kumchukua Jumatatu inayofuata. Kwa baiskeli ningebeba mikungu mitatu ya ndizi badala ya mmoja, na mgongo wangu ungerudi kuwa mgongo.

Lakini kabla ya Jumatatu hiyo kulikuwa na Jumapili, na Jumapili hiyo ilikuwa Siku ya Mbegu.

Siku ya Mbegu ilikuwa sherehe yetu kubwa kuliko Krismasi. Kila nyumba ilipeleka kanisani kikapu cha mbegu, mahindi, maharagwe, njahi, wimbi, zikaombewa kabla ya kuingia ardhini. Baada ya maombi watu walikula pamoja uwanjani hadi jua linaanza kwenda chini. Mwaka ule ilikuwa kubwa zaidi, kwa sababu tulikuwa tumeletewa Bwana Shamba mpya, afisa wa kilimo aliyetoka pwani, naye angekuwa mgeni wa heshima. Watu walitaka aone kwamba sisi ni watu.

Jumanne hiyo hiyo ya yai la pili, nilimwona Baba akipita na fungu la marando ya viazi vitamu. Akaenda moja kwa moja mpaka kibandani, akampa mbuzi wangu, akasimama pale akimtazama akila. Baba alikuwa hajawahi kumsalimia mbuzi yule. Aliponiona akakohoa.

"Anakula vizuri," akasema.

"Siku zote anakula vizuri."

"Ndio. Nasema tu."

Akaondoka haraka kama mtu aliyekutwa kwa jirani.

Jumatano akaja mwenyekiti wa kamati ya sherehe. Huyu alikuwa mtu mpana, mwenye sauti ya kuita watu kutoka kilima cha pili, na alikuwa mkarimu sana kwa vitu vya wengine. Alisema amekuja kuazima jembe. Mimi nilijua ana majembe mawili, kwa sababu nilikuwa nimeyaona Ijumaa yakiwa yameegemea ghala lake, na niliyahesabu. Mama akampa jembe. Yeye badala ya kwenda zake akapitia kibandani, akaweka kiganja mgongoni mwa mbuzi wangu na kubonyeza, halafu akabonyeza tena mbele kidogo, kama mtu anayenunua godoro.

"Kijana," akaniita, "unajua kufuga, wewe!"

"Nashukuru, mzee."

"Mungu akubariki sana."

Akaenda zake, na jembe akalisahau mlangoni.

Mayai mawili, fungu moja la marando, jembe moja lililosahauliwa, na baraka moja isiyo na sababu. Nikahesabu mara mbili, jumla ikawa ile ile: mbuzi wangu alikuwa ameshakuwa mchuzi, ila yeye mwenyewe hajaambiwa.

Nikafanya nilichoona ni akili. Alhamisi asubuhi nilichukua uzi wa mgomba, nikamfunga mguu wa nyuma juu ya kwato, chini ya manyoya, mahali usipopaona. Si kwa kumuumiza, ni kwa kumkera tu. Akaanza kuchechemea vizuri sana. Nikasema moyoni, hakuna kamati itakayompa mgeni wa heshima nyama ya mbuzi kiwete.

Mama ndiye aliyemwona kwanza. Akapiga yowe dogo, akamletea uji kwenye sufuria na magadi ya kulamba. Mbuzi akala uji, akalamba magadi, akamtazama Mama, akainua ule mguu juu zaidi. Mama akamwongezea uji. Nilipaswa kuelewa hapo hapo kwamba mnyama yule alikuwa anajifunza kitu.

Kabla ya saa sita habari zilikuwa zimemfikia mwenyekiti. Akaja mbio, bila kisingizio cha jembe safari hii. Akamwangalia mbuzi akichechemea kuzunguka kibanda, akashika kiuno.

"Huyu anaumwa."

"Ndio, mzee," nikasema kwa huzuni. "Nafikiri hata nyama yake itakuwa..."

"Basi tusingoje Jumapili," akasema. "Mnyama akianza kuumwa unamuwahi kabla hajakufa bure. Tutamchinja Jumamosi asubuhi. Nitatuma mtu leo akamwambie mchinjaji wa Majengo."

Hivyo ndivyo nilivyompunguzia mbuzi wangu siku moja ya maisha kwa akili zangu mwenyewe. Na mchinjaji wa Majengo haikuwa mzaha. Bwana Shamba alikuwa Mwislamu, kwa hiyo nyama ilipaswa kuchinjwa na Mwislamu, na kule Majengo, mtaa wa msikiti pale mjini, kulikuwa na mzee mmoja mwenye bucha ambaye kisu chake kilijulikana hadi Embu. Mtu wa namna hiyo haitwi kwa utani.

Nikaufungua ule uzi. Mbuzi akapona papo hapo. Mama akamshukuru Mungu kwa sauti. Mwenyekiti alipoambiwa naye akashukuru, akasema vizuri sana, nyama itakuwa na afya, lakini mchinjaji ameshaitwa Jumamosi, na Jumamosi itabaki Jumamosi.

Jioni ile nilimfuata Baba kwenye migomba. Alikuwa anakata majani makavu, na aliponiona akaanza kukata hata mabichi.

"Baba, ulisema akiishi ni wangu."

"Nilisema."

"Sasa?"

Akaliweka panga chini. Baba yangu alikuwa mtu mfupi wa maneno, lakini siku hiyo alinieleza yote. Kulikuwa na mkutano wa kamati kanisani Jumapili iliyopita. Mwenyekiti alisimama akasema, mgeni anakuja, nyama itatoka wapi? Watu wakatazama viatu vyao. Basi mwenyekiti akanyoosha mkono kwa Baba akasema, "Mzee huyu hapa atatupa mbuzi! Mpigieni makofi!"

"Na wewe ukasema nini?"

"Nikasema nini? Walikuwa wanapiga makofi." Akaniangalia kwa uso wa mtu aliyeanguka mtoni mbele ya wakwe. "Watu sitini, na wote wanakuangalia. Nilifungua mdomo niseme yule mbuzi si wangu, nikajikuta nimesema asante."

"Na mayai?"

"Mayai ni ya mama yako. Mimi nilimwambia haitasaidia."

Halafu akasema, akiokota panga lake, "Mimi nilisema ndio mbele ya watu. Siwezi tena kurudi mbele ya watu wale wale niseme hapana. Lakini wewe hujasema kitu. Mdomo wako bado ni mzima."

Ndiyo ruhusa niliyopewa, na haikuongezwa kitu.

Ijumaa nilitoka mapema. Kwetu mbuzi hachinjwi ovyo kisha watu wakang'ang'ania. Kila sehemu ina mtu wake: huyu paja, yule mkono wa mbele, wazee kichwa, na mtu akikosa sehemu aliyoahidiwa hiyo ni habari ya miaka kumi. Nilitaka kujua mbuzi wangu amegawanywa vipi. Nilikuwa na uchungu, lakini pia, niseme ukweli, nilikuwa na hamu ya kuona hesabu.

Nikaanzia kwa mama kiongozi wa kwaya, aliyekuwa mbele ya nyumba yake akichambua maharagwe.

"Mama, nimesikia kesho mtapata nyama."

"Mwenyekiti ametuahidi mkono mmoja, sisi wa kwaya. Tumekataa kuimba bure mwaka huu. Ni wako yule mbuzi, si ndio? Umefuga, mwanangu. Pole, na asante."

Mkono mmoja. Nikaenda ng'ambo ya mto kwa wazee waliokuwa wanatoa kuni za kupikia. Mkubwa wao alikuwa juu ya gogo, na shoka mkononi.

"Sisi tumepewa mkono," akasema. "Kuni mizigo sita, mkono mmoja. Tungeomba paja, lakini sisi hatuna tamaa."

Mikono miwili imeisha. Nikapita shuleni. Mwalimu mkuu alikuwa anahesabu madawati ya kuazimisha kanisa, na tukahesabu pamoja, ishirini na manne. Akaniambia bila hata kuulizwa kwamba kwa madawati hayo amepata paja. Kwa mchungaji nilimkuta msichana wa kazi anasugua karai kubwa.

"Karai la nini?"

"La paja la mchungaji."

Na paja la Bwana Shamba nilikuwa nalijua tayari, kwa kuwa Baba aliniambia hilo lilitangazwa kwenye ule mkutano.

Nilikaa juu ya jiwe kando ya njia. Nikahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na vidole vyote vikaisha. Mkono wa kwaya. Mkono wa wazee wa kuni. Paja la mwalimu mkuu. Paja la mchungaji. Paja la Bwana Shamba. Nikahesabu tena nikianza mwisho, nisije nikajidanganya kwa furaha. Mitano. Mwenyekiti alikuwa ameilipia sherehe nzima kwa miguu ya mbuzi wangu, kuni, madawati na kwaya, na hakuwa amehesabu hata mara moja.

Mtu mwingine angekwenda kwa mwenyekiti akamwambia faraghani. Lakini faraghani angenipiga bega, aseme mwanangu tutaona, na kesho mbuzi angekuwa kwenye sufuria. Lililofanywa kwa makofi halifunguliwi kwa kunong'ona. Nikazunguka tena nyumba zile zile nne.

"Kesho saa tatu asubuhi njoo mwenyewe nyumbani," nikamwambia kila mmoja. "Uchukue sehemu yako ikiwa na joto. Unajua nyama ikitembezwa inapungua njiani."

Hakuna aliyekataa. Hakuna aliyeuliza kwa nini mwenye mbuzi amekuwa mwema hivyo. Watu wakisikia nyama huwa hawaulizi.

Jumamosi saa tatu uwanja wetu ulikuwa umejaa. Mchinjaji wa Majengo alifika kwa miguu, mzee mwembamba na kofia yake nyeupe, kisu kimeviringishwa kwenye gazeti. Alimtazama mbuzi, akamzunguka mara mbili. Nikampenda kwa hilo.

"Mwenye mali nani hapa?" akauliza.

"Mimi," nikasema, na kwa mara ya kwanza wiki ile nilisikia sauti yangu ikisema hivyo mbele ya watu.

"Umefuga vizuri, kijana. Nikuulize, umeridhia achinjwe?"

"Kamati imeridhia," akadakia mwenyekiti.

"Sikuuliza kamati, bwana."

"Mzee," nikasema, "kabla ya hilo tupange kwanza sehemu, watu wasigombane siku ya baraka."

Nilikuwa nimekata majani ya mgomba. Nikayatandaza manne chini, yamenyooka kwa mstari. "Kila jani ni mguu mmoja. Mwenye mguu asimame nyuma ya jani lake."

Mwenyekiti akatabasamu. Aliona ni heshima kubwa kwa kamati. "Kijana ana mpango! Haya, simameni!"

Mama wa kwaya akasimama kwenye jani la kwanza, amefunga kitenge kipya. Mzee wa kuni akasimama kwenye la pili. Mwenyekiti mwenyewe akasimama kwenye la tatu kwa niaba ya Bwana Shamba, tumbo mbele. Kwenye jani la nne walifika watu wawili kwa wakati mmoja, mwalimu mkuu na msichana wa mchungaji na karai lake.

"Msichana, sogea kidogo," akasema mwalimu.

"Nisogee niende wapi? Hili ni la mchungaji."

"La mchungaji ni lile pale."

"Lile ni langu, mwalimu," akasema mzee wa kuni. "Mimi hata sina tamaa, nimekubali mkono."

"Basi ni lile lingine."

"Lile ni la Bwana Shamba!" akasema mwenyekiti.

Mchinjaji akayapitia majani kwa kidole, halafu watu, halafu akainama akamwangalia mbuzi chini ya tumbo, kwa makini sana.

"Mniwie radhi," akasema. "Mimi hesabu yangu ni ya dukani, labda nakosea. Mbuzi wa huku kwenu juu ana miguu mingapi?"

Mama wa kwaya akacheka kwanza, peke yake, halafu akaacha kucheka akamgeukia mwenyekiti. "Umemuahidi nani miguu mitano?"

"Ni kosa dogo," akasema mwenyekiti, jasho limeanza kuonekana kwenye paji. "Dogo sana. Mwalimu atachukua shingo."

"Shingo?" Mwalimu mkuu alivua miwani. "Madawati ishirini na manne, shingo? Basi watu watakalia nyasi."

"Basi wazee wa kuni..."

"Wazee wa kuni wanazo kuni zao," akasema mzee. "Zilikuja kwa miguu, zinaweza kurudi."

"Na kwaya haina shida," akasema mama wa kwaya. "Tutakaa kimya. Tunajua pia kukaa kimya, ila hamjawahi kutusikia."

Msichana wa mchungaji alilishika karai lake kwa mikono miwili akasimama katikati ya jani.

Mwenyekiti aliona sherehe yake inatoka mikononi, kuni, madawati na nyimbo, siku moja kabla ya mgeni kufika. Akainua mikono. "Tulieni! Tutaongeza mnyama wa pili. Nani atatoa?"

Hapo ungeona jinsi watu wanavyopenda mandhari. Kila mtu aligeuka akatazama mlima. Mwanamke mmoja akakumbuka ameacha chungu jikoni. Nilikuwa nimefikisha hesabu mahali pake, na niliogopa kuigusa isianguke.

Ni mama wa kwaya aliyesema, kwa sauti laini kabisa, "Mwenyekiti, kwani yule ng'ombe wako mweusi, yule ndume, ana miguu mingapi?"

"Yule ni wa kulima," akasema mwenyekiti haraka.

"Kesho ni Jumapili," akasema mchinjaji. "Halimi."

"Ngojeni kwanza, sijasema..."

Na hapo nyuma yangu nikasikia, pa, pa, pa. Polepole, mtu mmoja tu. Nikageuka. Alikuwa Baba. Amesimama kando ya kibanda, panga kwapani, anapiga makofi akimtazama mwenyekiti usoni bila kupepesa, kama mtu anayerudisha kitu alichoazima. Mama akamfuata. Mama wa kwaya akafuata, na nyuma yake kwaya nzima, na wao wakipiga makofi wanapiga kwa mpango, na mwalimu, na wazee wa kuni. Msichana akapiga karai.

Mwenyekiti alifungua mdomo. Nilimwona akitafuta neno hapana, na nilimwona akilikosa.

"Asanteni," akasema.

Bado kulikuwa na hatari moja. Mwalimu mkuu alirudisha miwani machoni, akamtazama mbuzi wangu. "Ndume ni wa kesho, sawa. Lakini kwa vile tumeshakusanyika hapa, huyu naye..."

"Mwalimu," nikamkatiza, "chagua wewe mwenyewe. Huyu hapa ana wenye miguu watano wanaogombana. Yule ndume mweusi bado hajaahidiwa mtu hata kwato. Sijui nani atafika kwake kwanza."

Mwalimu alifikiri muda wa kuvuta pumzi moja. Kisha akaanza kutembea. Alitembea vizuri tu, kama mtu mwenye elimu, mpaka alipoona mzee wa kuni anampita, ndipo akaanza kukimbia. Nyuma yao wakaenda kwaya, na msichana na karai, na mwenyekiti akiwaita, "Polepole! Polepole! Mnakwenda kwangu bila mimi?" Mchinjaji akafunga kisu chake kwenye gazeti. Ujira wake ulikuwa ngozi, na ngozi ya ng'ombe si sawa na ya mbuzi. Aliponipita akanishika mkono kwa nguvu.

"Ukichoka na ndizi," akasema, "njoo Majengo. Nitakupa meza."

Uwanja ukabaki mtupu. Mbuzi alikuwa amelifikia jani la Bwana Shamba na analitafuna kutoka ukingoni.

"Ulihesabu mara ngapi?" akaniuliza Baba.

"Mbili."

Akatikisa kichwa. "Na mimi nilihesabu watu waliokuwa wanapiga makofi. Ndiyo makosa yangu." Akaingia kwenye migomba yake.

Siku ya Mbegu ilipita salama. Mbegu ziliombewa, kwaya iliimba mpaka ikapitiliza, na Bwana Shamba alisema hajapata kula nyama tamu namna ile tangu aondoke kwao. Akauliza ni ya nani. Wote tukamwonyesha mwenyekiti, tukampigia makofi tena. Yeye alisimama, akainama, akakaa. Baadaye aliniita pembeni akanishika bega.

"Kijana una akili. Mwaka ujao utaingia kwenye kamati."

Nikamwambia nashukuru, na nikasogea polepole kuelekea geti.

Jumatatu asubuhi Mama aliniwekea githeri bila yai. Nilifukua hadi chini nikahakikisha. Hakuna. Moyo ukatulia kabisa.

Mfanyabiashara wa Maua akaja kama saa nne. Pikapu aliiacha barabarani kwa sababu njia yetu ni nyembamba, akaishusha baiskeli akaja akiisukuma. Nikahesabu magurudumu, mawili. Nikahesabu tena. Pampu ilikuwa imefungwa mahali pake kwa mpira. Nikamtoa mbuzi kibandani nikiwa najisifu.

Mbuzi alimwona mgeni. Akasimama. Akamtazama Mama aliyekuwa mlangoni, kisha kwa utaratibu kabisa akainua mguu wa nyuma na kuanza kuchechemea.

"Huyu ana nini?" akauliza mfanyabiashara.

"Hana kitu."

"Hana kitu na anatembea kwa mitatu?"

"Anatania tu."

"Mbuzi anatania." Alinitazama kama mtu anayefikiria kurudi na baiskeli yake. "Kijana, mimi nilipatana mbuzi mzima."

Mama, Mungu amweke, akaingia ndani akatoka na uji. Mbuzi akauinua mguu hadi kifuani. Tulibishana pale kwa muda mrefu. Nilimwonyesha kwato, nikambonyeza mbuzi mguu mbele yake, nikamvuta huku na huku, na kila nilivyomvuta alizidi kuchechemea kwa uchungu mkubwa. Siwezi kumweleza mtu habari ya uzi wa mgomba halafu nitegemee aniamini kwa lingine. Mwishowe mfanyabiashara akanyoosha mkono, akafungua ule mpira, akaitia pampu kwenye begi lake.

"Hiyo ni ya mguu," akasema.

Nikakubali. Akamchukua mbuzi kwa kamba wakaanza kupanda kuelekea barabarani, mmoja anatembea, mwingine anaruka ruka. Mimi nikabaki nimeishika baiskeli usukani, nikiwasindikiza kwa macho mpaka kwenye kona ya mkahawa, mahali ambapo nyumba yetu inaacha kuonekana na sufuria ya Mama haifiki.

Hapo mbuzi akaushusha mguu. Akatembea vizuri, shingo juu, kama mwenyekiti. Nilihesabu ile miguu mara mbili. Ilikuwa minne, na yote ilikuwa inafanya kazi.

Gurudumu la mbele nalo, nilipoligusa, halikuwa na upepo.